Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya: manjano yapimwe kabla ya kuitwa dawa ya neva

Mheshimiwa Waziri,

Nauza viungo hapa Ngara, Nairobi. Zamani mtu akiulizia manjano alikuwa anapika pilau au mchuzi. Siku hizi wengi wanatafuta dawa. Juzi mama mmoja mgonjwa wa sukari, ambaye nyayo humwaka moto usiku kucha, alinionyesha kwenye simu tangazo la unga "unaofufua neva". Bei ya kikopo kile ingemtosha unga wa ugali wa mwezi mzima. Nikamwambia asinunue. "Kwani ni uongo?" akauliza. Jibu lilinipa shida, maana si uongo mtupu.

Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini, ndiyo inayoyapa rangi. Nazo seli za ulinzi za ubongo na uti wa mgongo, maikroglia, zikichokozwa na maradhi humwaga kemikali za kuchochea uvimbe. Uvimbe huo ukikaa sana, huharibu seli za neva zilizopaswa kulindwa. Kwenye maabara, kurkumini huzituliza maikroglia kwa kuzuia protini ya NF-kapa-B, ambayo ndiyo huwasha jeni za uvimbe. Hayo yameonekana tena na tena kwenye seli na kwenye panya.

Kwa binadamu mambo ni magumu zaidi. Kurkumini hainyonywi vizuri tumboni, na kile kidogo kinachopita ini hukiondoa upesi. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore walionyesha kwamba piperini ya pilipili manga huongeza kiasi kinachofika kwenye damu kwa asilimia 2,000. Wauzaji wameidaka habari hiyo, ila hawasemi kwamba kufika kwenye damu si kufika kwenye ubongo, wala kwamba kuna watu Marekani walioumia ini kwa vidonge vya manjano. Jaribio la Los Angeles lililochapishwa 2012, lenye wagonjwa 36 wa Alzheimer, maradhi ya kupoteza kumbukumbu, halikuonyesha nafuu. Jingine la huko huko, la 2018, lilipata kumbukumbu bora kwa watu waliotumia kwa miezi 18 aina inayonyonywa vizuri. Walikuwa 40. Hawajazi hata basi la Githurai.

Kwa hiyo naomba jaribio letu wenyewe. KEMRI, taasisi yetu ya utafiti wa tiba, ina kituo cha utafiti wa dawa za asili papa hapa Nairobi, na wagonjwa wa sukari wenye neva zilizoharibika hawakosekani kliniki. Wapewe wengine kurkumini na wengine kidonge kitupu, kwa idhini yao, kisha tuambiwe matokeo hata yakiwa mabaya kwa biashara yangu.

Jambo la haraka zaidi ni rangi. Mzizi wa manjano ukikauka na kusagwa hutoa unga uliofifia kidogo, na mteja akiuona huniambia ni wa zamani. Hutaka ule unaong'aa. Bangladesh kuna waliopata mng'ao huo kwa kuchanganya kromati ya risasi, rangi ya njano yenye madini ya risasi. Risasi huharibu ubongo na neva, hasa za watoto, na watu wa Owino Uhuru kule Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda cha betri, hawahitaji kufundishwa hilo. Mgonjwa anaweza kumeza vijiko vya manjano kuokoa neva huku anaziua. Bangladesh walishika wahusika, wakatoza faini, wakapima sokoni: sampuli zenye risasi zilishuka kutoka asilimia 47 mwaka 2019 hadi sifuri mwaka 2021. Kifaa walichotumia hushikwa kwa mkono.

Naomba uketi na KEBS, shirika la viwango, kifaa kama hicho kipite masoko ya Marikiti, Gikomba na huku kwetu, na Bodi ya Famasia na Sumu iwaulize wenye matangazo ushahidi wao uko wapi. Mwanzo uwe dukani kwangu. Nimetenga kilo ya kila shehena ninayouza, kila mfuko na jina la aliyeniletea.

Wako,
Muuza viungo, Ngara