Nishati ya giza si gesi ya kuchimbwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nieleze jambo linalowatatiza wasomaji wa huku Mtwara kila magazeti yanapoandika habari za anga za mbali. Kwetu neno nishati limezoeleka kumaanisha gesi ya Mnazi Bay, na wanafunzi wangu wanaposoma kwamba nishati ya giza ni takriban asilimia 70 ya ulimwengu, huuliza kwanza itachimbwa lini. Ni swali la haki, nalo halijibiwi gazetini.

Mwaka 1998 timu mbili za wanaastronomia, zilizopima mwanga wa supanova za mbali, yaani nyota zinazolipuka, zilitangaza kuwa ulimwengu unatanuka kwa kasi inayozidi kuongezeka. Kisababishi chake, ambacho hadi leo hakijafahamika, ndicho kikaitwa nishati ya giza. Mimi hupendelea kuifundisha kwa makundi ya galaksi, na galaksi moja ni mkusanyiko wa nyota nyingi mno. Kundi kubwa hubeba mamia ya galaksi, au hata zaidi ya elfu moja, zikiwa zimezama katika gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na kutokana na eksirei zitokazo kwenye gesi hiyo wataalamu hukadiria uzito wa kundi zima, pamoja na maada ya giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa uvutano wake tu, ambayo ni kitu kingine kabisa ingawa waandishi wengi huichanganya na nishati hiyo. Uvutano huyakuza makundi haya kwa mabilioni ya miaka, ilhali nishati ya giza, kwa kuitanua anga, huyadumaza.

Akina mama wanaopeleka watoto kliniki wataielewa mbinu yenyewe upesi, kwa kuwa udumavu haujulikani kwa kumtazama mtoto mara moja, bali kwa kulinganisha vipimo vyake na umri. Mwanga wa makundi ya mbali ulianza safari zamani sana, hivyo hutuonyesha ulimwengu ulipokuwa mchanga. Idadi ya makundi mazito ya wakati ule hulinganishwa na ya sasa. Chandra, darubini ya angani inayopokea eksirei, ilitumika hivyo kwa makundi 86, na udumavu ukaonekana. Darubini ya eROSITA, nayo ya eksirei, iliyorushwa angani Julai 2019, imewezesha hesabu ya makundi zaidi ya 5,000.

Kwa hiyo naomba waandishi wako, kila watajapo nishati ya giza, waongeze sentensi moja: kwamba kwa vipimo vilivyopo imeenea sawasawa kila mahali, wala haina kisima.

Mwalimu wa Fizikia,
Mtwara