Professor Jay aandikwe pia kama mtunzi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie namna magazeti yetu, hili likiwemo, yanavyomwandika msanii Joseph Haule, ambaye wengi wetu tunamfahamu kwa jina la Professor Jay. Tangu alipougua mwaka 2022 na kulazwa kwa miezi kadhaa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, habari zake karibu zote zimekuwa za figo, za chumba cha wagonjwa mahututi, za michango ya wananchi, na baadaye za taasisi aliyoianzisha ili kuwasaidia wenye maradhi kama yake. Kabla ya hapo zilikuwa za siasa: namna alivyoshinda ubunge wa Mikumi mwaka 2015 kwa tiketi ya Chadema, na namna alivyoukosa mwaka 2020. Habari hizo zilistahili kuandikwa na sina ugomvi nazo. Ninacholalamikia ni kwamba kijana aliyezaliwa baada ya mwaka 2005 anaweza kuzisoma zote na bado asielewe kwa nini mtu huyu alipougua nchi nzima ilishtuka.

Ilishtuka kwa sababu ya tungo zake. Alianza kujulikana akiwa na kundi la Hard Blasters, wakati huo akijiita Nigga Jay, na wimbo wao wa "Chemsha Bongo" ulisikika katika kipindi ambacho wazazi wengi waliihesabu rap kuwa uhuni wa kuwaiga Wamarekani. Mwaka 2001, akiwa peke yake na kwa jina hili tunalolijua leo, akatoa albamu ya "Machozi, Jasho na Damu", ambayo ndani yake umo wimbo wa "Ndio Mzee". Kila anapotajwa husemwa kwamba ndiye aliyewafanya wazee wakubali kuusikiliza muziki wa kizazi kipya, kisha mwandishi huishia hapo, bila kutueleza aliwezaje.

Kwa maoni yangu, aliwashika wazee wale kwa umbo walilokuwa wakilijua tangu shuleni. Waliosoma miaka ya 1970 wanaikumbuka ngonjera, ambayo baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitumika sana kufundishia siasa ya Ujamaa: upande mmoja anasimama mjuzi, upande wa pili mbishi, nao hujibizana kwa beti mpaka mbishi anaelewa, anakiri, na wote wanamaliza kwa sauti moja. "Ndio Mzee" ni ngonjera iliyopinduliwa juu chini. Mgombea yuko jukwaani na wananchi wako mbele yake, lakini mbishi hayupo. Ahadi zinaanza, zinakua, zinavuka mpaka wa akili hadi wanafunzi wanaahidiwa kwenda kufanyia mafunzo yao mwezini, na umati unaendelea kuitikia "ndio mzee" kwa bashasha ileile ulioanza nayo. Sikilizeni kiitikio hicho kwa makini. Watu wengi wanauchukulia wimbo huu kuwa ni wa kuwacheka wanasiasa, nami naona anayechekwa zaidi ni huyo anayeitikia, yaani sisi, kwa kuwa mgombea asingefika mwezini kama kuna mtu mmoja tu angenyoosha mkono na kuuliza swali alipokuwa bado duniani.

Ndiyo maana safari yake ya bungeni ilikuwa na mvuto ambao waandishi hawakuuchimba. Rapa mwenzake Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, alikuwa ametangulia mwaka 2010 kwa kuchaguliwa Mbeya Mjini, na rapa mwingine, Hamis Mwinjuma, yaani Mwana FA, amefuata mwaka 2020 kupitia CCM kule Muheza, kisha akawa naibu waziri. Lakini kati yao ni Haule aliyekuwa amekwisha kuandika, miaka 14 kabla ya kuomba kura, wimbo mashuhuri kuliko zote juu ya mtu anayeomba kura. Alijisikiaje kusimama kwenye jukwaa la kampeni mbele ya watu wanaoujua wimbo huo kwa moyo? Je, aliwahi kujizuia kutoa ahadi kwa kuukumbuka? Sikumbuki kusoma mahojiano yaliyomuuliza hivyo, ingawa nimesoma mengi yaliyomuuliza kama atarudi kugombea.

Nimefundisha Kiswahili sekondari kwa miaka mingi, na naweza kushuhudia kwamba mwanafunzi asiyekumbuka beti mbili za shairi la kwenye kitabu aliweza kutamka wimbo wake wa "Zali la Mentali" kuanzia mwanzo hadi mwisho, pamoja na sehemu za Juma Nature aliyeshirikishwa humo, bila kuruka neno. Kisa chenyewe ni chepesi, cha kijana lofa anayependwa na binti wa kitajiri, ila kina wahusika, mgogoro na lugha ya mtaani iliyopangwa kwa vina. Nilipowataka wakieleze kwa istilahi za fasihi, waliweza. Sidai kwamba kila wimbo wake ni wa kiwango hicho. Baadhi ya kazi zake za baadaye ni majigambo ya kawaida, na mhakiki mzuri angelisema hilo waziwazi badala ya kumpamba.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba mtume mwandishi mwenye sikio la ushairi akae naye sasa, akiwa yupo na sauti anayo, amuulize namna alivyotunga, alichofuta, na nani alimbishia studio. Amuulize pia kuhusu fedha. Enzi za kanda, msanii alimkabidhi msambazaji wa Kariakoo kazi yake, na idadi ya nakala zilizorudufiwa aliijua msambazaji peke yake, ingawa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilikwishatungwa tangu mwaka 1999. Nyimbo zilezile leo zinasikilizwa mtandaoni kila siku, na wasomaji tungependa kujua kinachomfikia mtunzi kutokana nazo ni kiasi gani, na mkataba unaoamua hivyo ulisainiwa lini na nani.

Wako,
Mwalimu mstaafu,
Morogoro