Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Mkurugenzi: Mtaro wetu bado umeziba

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Mimi ni mmoja wa maafisa wako wadogo wa sera za tabianchi, yule anayekaa karibu na mashine ya kuchapisha. Ijumaa hii ninatimiza mwaka mmoja katika idara yako, na nimeletewa fomu ya tathmini. Pale penye "mafanikio makubwa ya mwaka" nimekwama. Barua nne nilizokuandikia kwa kufuata utaratibu hazijajibiwa, kwa hivyo hii ya tano utanisamehe nikiisomea uwanjani.

Jumanne mvua ilianza saa nne usiku. Kufikia saa saba maji yalikuwa yamevuka kizingiti changu hapa Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, na saa tisa yakalifikia godoro. Nayo si maji ya mvua peke yake, huja na kila kilichokuwa chooni. Nilipandisha unga, jiko na kompyuta ya ofisi juu ya kabati. Kompyuta ndiyo ilitangulia, maana unga haukatwi kwenye mshahara. Mama mboga wa mlango wa pili alipoteza gunia zima la viazi alilokuwa amelichukua kwa mkopo siku hiyo hiyo.

Saa mbili asubuhi ujumbe ukaingia kutoka ofisini: kwa sababu ya hali ya hewa, mkutano utafanyika mtandaoni, kila mtu ahudhurie bila kukosa. Ajenda ilikuwa mfumo wa tahadhari ya mapema. Nilihudhuria, Mheshimiwa. Nilikaa juu ya meza, miguu kwenye kiti, kamera nimeizima. Ulipouliza kama kuna mwenye la kuongeza, nilinyamaza. Sasa ninalo.

Mtaro ulio nyuma ya ploti yetu umeziba. Ulikuwa umeziba kabla hujaniajiri na umeziba leo.

Sitaki uone kwamba sina shukrani. Mwaka huu nimejifunza mengi. Najua Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016 inazitaka kaunti ziingize tabianchi katika mipango yao ya maendeleo. Naweza kukueleza usingizini Azimio la Nairobi la Septemba 2023, lililotoka kwenye mkutano wa Afrika kuhusu tabianchi pale KICC, jumba la mikutano la jiji, na jinsi Afrika ilivyodai walioichafua dunia walipe. Ninalikubali neno kwa neno. Kenya haifikishi hata asilimia 1 ya gesi zinazoipasha dunia joto, ilhali sisi ndio tunaolala juu ya meza. Lakini mtaro huu hakuuziba Mzungu. Tumeuziba wenyewe, kwa tope, chupa za plastiki, na nepi, na mwenye jukumu la kuuzibua hajauzibua.

Nimejifunza pia kwamba warsha ya siku tano kule Naivasha inaweza kumalizika kwa kubadilisha neno moja katika rasimu. Tulibishana tangu chai ya saa nne hadi chakula cha mchana kama tuandike "kuhimili" au "kustahimili". Mimi nilikuwa upande wa "kuhimili". Tulishinda.

Kisha ukanituma barazani nikawafafanulie wananchi. Nilipotamka "tabianchi", shosho mmoja wa mstari wa mbele aliuliza: "Hiyo tabia ni ya nchi, ama ni ya wale walioandikwa kuitunza?" Watu walicheka, nawe ulicheka. Ukasimama ukasema, na maneno yako niliyaandika kwenye daftari la idara, kwamba kabla ya mvua ndefu mtaro utakuwa umefunguliwa hadi unakoingia Mto Ngong. Ulipigiwa makofi. Mimi ndiye niliyekushikia mwavuli.

Wewe uliingia kwenye gari ukaenda. Mimi ninaishi hapa. Dukani naitwa "serikali", na si kwa upendo. Jumatano mama mboga hakunisalimu. Amenikopesha sukuma kila mwisho wa mwezi mshahara ukichelewa, na mshahara wa sisi wa mkataba, Mheshimiwa unajua, kuchelewa ndiyo desturi yake. Sikuwa na la kumwambia. Ningemwambia nini, kwamba jiji lina mpango wa tabianchi wa 2020 hadi 2050, avumilie?

Sababu hasa ya kukwama siijui. Wengine ofisini wanasema pesa hazijatoka Hazina. Wengine wanasema barabara ni ya hawa, mtaro ni wa wale, na mto una wenyewe, kwa hivyo kila barua inazungushwa hadi inarudi ilikotoka. Dereva mmoja aliniambia kandarasi ilitolewa na ikalipwa. Hayo sina ushahidi nayo, na kama ni uongo nitafurahi ukinikosoa, kwa sababu hapo utakuwa umenijibu.

Tafadhali usiniambie tuhame. Mwaka 2024, baada ya yale mafuriko, iliamriwa walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na nyumba zikabomolewa. Baadhi ya waliobomolewa ndio majirani zangu wa sasa. Walihamia huku juu wakiamini ni pakavu. Tena Mukuru ilitangazwa eneo maalum la kupangwa tangu 2017. Karatasi zetu ziko sawa kabisa.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na madai mengi: bajeti, ratiba, mshahara, radhi kwa mama mboga. Nimeyafuta. Naomba lori.

Vijana wa hapa wamepima kwa hatua zao. Wanasema watu 20 wenye sepetu na mikokoteni watamaliza kwa siku mbili, na hawataki posho. Kinachowashinda ni tope. Mara ya mwisho walizibua wenyewe, wakalirundika kando kwa kukosa pa kulipeleka, na mvua ya kwanza ikalirudisha mtaroni lote. Idara inalo lori. Ndilo lililoleta mahema na viti siku tulipopanda miche ukingoni mwa mto, hesabu yetu katika ile miti bilioni 15 ambayo serikali iliahidi ipandwe nchini kufikia 2032. Ulipigwa picha na mche wako. Mbuzi waliumaliza wiki hiyo hiyo, ila hilo tuliache.

Jumamosi saa moja asubuhi vijana watakuwa kwenye kona ya bomba la maji. Dereva anapajua. Mafuta tutachanga sisi.

Wako mtiifu,
Afisa wa karibu na mashine ya kuchapisha