Jumla ya sumu shambani haitoshi kumwongoza mkulima

Mhariri,

Makala zenu kuhusu mashamba yenye madini mazito nazifuatilia kwa karibu, maana kazi yangu ni kupima udongo maabara. Kila mara mnachapa tarakimu moja tu: jumla ya risasi au kadimiamu katika kilo ya udongo. Mkulima akiisoma atajua shamba lake lina sumu kiasi gani, lakini hatajua ni kiasi gani kitapanda kwenye mmea. Na hicho kinachopanda ndicho kinachoishia sahanini.

Mezani kwangu huja sampuli mbili zenye jumla ileile ya kadimiamu. Moja ni mfinyanzi mweusi wenye mboji, unaong'ang'ania vidole hata ukinawa. Nyingine ni kichanga chenye tindikali, kinachopita katikati ya vidole chote. Nikizitikisa katika maji yenye chumvi kidogo ya kalisi kisha nikachuja, maji ya kichanga hutoka na kadimiamu nyingi kuliko ya mfinyanzi. Mizizi hunywa kilichoyeyuka, si kilichoshikwa na udongo.

Mwamuzi mkuu ni pH, yaani kipimo cha tindikali ya udongo. Kadiri inavyoshuka chini ya 6, ndivyo kadimiamu, zinki na nikeli zinavyoachana na chembe za udongo na kuingia majini. Kushuka kwa pointi moja ni tindikali kuongezeka mara 10! Mbolea za amonia zikitumika miaka mingi bila chokaa huishusha pH polepole, na hapo shamba huzidi kuwa hatari ingawa hakuna sumu mpya iliyoingia. Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu kipimo cha jumla hakiwezi kulionyesha. Maji ya kumwagilia yenye chumvi nayo huirahisishia kadimiamu njia ya kufika mizizini, hata pH ikiwa nzuri.

Lakini msiwaambie wakulima wote wamwage chokaa ili kupandisha pH. Aseniki, sumu nyingine ya udongoni, ina tabia yake: pH ikipanda, mara nyingi ndipo inapolegea. Kwenye mpunga mambo ni magumu zaidi. Shamba likijaa maji, kutu ya chuma iliyoishika aseniki huyeyuka na kuiachia. Likikaushwa, aseniki hutulia na kadimiamu huanza kuyeyuka. Katika bonde la mto Jinzu, Japani, kadimiamu kutoka mgodini iliingia kwenye maji na mchele, na watu wakavunjika mifupa kwa maumivu makali. Serikali yao iliutambua rasmi ugonjwa huo, itai-itai, mwaka 1968.

Ninaomba basi, kila mnapotangaza vipimo vya shamba, muulize na mchape pia pH, kiasi cha mboji, aina ya udongo na kiasi cha madini kinachoyeyuka. Tajeni na zao lenyewe: spinachi na saladi hukusanya kadimiamu majanini, ilhali risasi nyingi hubaki mizizini, na ile ya kwenye majani aghalabu ni vumbi linalooshwa.

Mpima udongo