Kocha, yule Mnorwe hakungojea kamera

Råholt, Norwe
Februari

Kocha wangu,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Natumai barua hii itakukuta wewe, mama watoto na wale vijana wako wa mbio mkiwa salama salimini. Sisi huku tu wazima, ila tangu Novemba sijaona udongo.

Nimeamua kuandika kwa mkono kwa sababu ule ubishi wetu wa Krismasi hauwezekani kwenye simu. Kila nikitaka kukujibu, ama salio linakatika ama unaanza kupiga kipenga. Leo huna kipenga. Utanisoma mpaka mwisho.

Ulisema, na sijasahau, kwamba Bjørn Dæhlie, yule bingwa wa Norwe wa mbio za theluji, alipomngoja Mkenya wetu Philip Boit kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Nagano, Japani, mwaka 1998 alikuwa anatafuta kamera. Mtu ameshashinda dhahabu yake, ukasema, atapoteza nini akisimama kumkumbatia Mwafrika wa mwisho? Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na hoja. Habari yenyewe niliijua kama tulivyoisikia tukiwa vijana pale Eldoret: mwenzetu mmoja, mkimbiaji wa mita 800, tena wa ukoo wa yule mkimbiaji Mike Boit, kaenda Japani kushindana juu ya theluji, kawa wa mwisho, na bingwa wa dunia kamkumbatia. Tukacheka, tukarudi uwanjani.

Sasa naishi katika mji aliokulia Dæhlie. Alizaliwa Elverum mwaka 1967, lakini utoto wake ulikuwa hapa Råholt, mahali ambapo ungepita kwa gari ukidhani ni kituo cha mafuta tu, dakika chache kutoka uwanja wa ndege wa Gardermoen. Hotelini ninakosafisha vyumba kuna mzee mmoja fundi wa mabomba, amebakiza kidogo astaafu. Akianza habari za mbio hizi, utadhani ni wewe na Kip Keino. Huyo ndiye mwalimu wangu, na ndiye aliyeniponza.

Wenyewe huuita mchezo huu langrenn. Wewe uelewe tu kwamba ni mbio za nyika, zile zile zetu za milima na misitu, isipokuwa matope ni meupe na miguuni umefungwa mbao mbili ndefu kukupita, ndizo skii. Kwa mtindo wa kale, unapita ndani ya mifereji miwili iliyochongwa kwenye theluji kama reli. Siri yote iko chini ya skii, pale panapokaa unyayo, ambapo hupakwa nta. Ukikanyaga kwa uzito wako wote, nta inaing'ata theluji nawe unapata pa kujisukumia. Ukiinua uzito, inaachia, unateleza. Taabu ni kwamba kila baridi ina nta yake. Mzee anazo katika vibati vidogo vya rangi rangi. Anapaka, anasugua kwa kipande cha kizibo, anagusa kwa kidole, anatazama angani, anakwangua yote, anaanza upya. Mara ya kwanza nilidhani ananifanyia mzaha.

Basi Jumapili moja ya Januari, baridi kavu, theluji mpya ya usiku ule, nikajifanya fundi. Nikachukua kibati chekundu kwa kuwa ndicho kilichokuwa karibu. Mzee akaniona, akakaa kimya, mshenzi yule. Kumbe nyekundu ni ya siku theluji inapokaribia kuyeyuka! Sijamaliza mita mia mbili, theluji imegandamana chini ya skii donge juu ya donge, nimerefuka kama bibi harusi kwenye viatu vya kisigino. Hakuna kuteleza tena. Nikawa nabeba mbao zangu kwa miguu. Kilomita tano, Kocha, saa moja na dakika kumi na mbili. Mimi niliyekimbia elfu kumi kwa dakika 31 kwenye lile vumbi letu, nawe ukishika saa!

Nilipoketi kwenye gogo nikiwa hoi, mzee akanimiminia kahawa akasema nisione haya, kwamba jambo hilo hilo lilimpata Bjørn. Hapo ndipo aliponipa ile sehemu ya habari ambayo hatukuwahi kuisikia.

Tarehe 9 Februari 1998, siku tatu kabla ya ile picha unayoichukia, Dæhlie aliingia mbio za kilomita 30. Wakati ule alikuwa na dhahabu tano za Olimpiki, tatu za Albertville 1992 na mbili za Lillehammer 1994. Theluji mpya ikawa inaanguka, nta ikakosewa, na mfalme akamaliza wa 20. Mika Myllylä wa Ufini akaondoka na ushindi. Wa ishirini, Kocha! Ni kama Paul Tergat wa miaka ile, bingwa wetu wa nyika, aje wa ishirini kwenye mbio za nyika.

Siku tatu baadaye, tarehe 12, palepale Hakuba, kijiji cha Nagano zilikofanyika mbio hizo, kilomita 10. Dæhlie akatumia dakika 27 na sekunde 24.5. Weka hiyo kando ya rekodi ya Tergat ya mita 10,000 iliyokuwapo wakati huo, 26:27.85, aliyoiweka Brussels mwaka uliotangulia. Tergat alikuwa kwenye uwanja tambarare wa mpira na spaiki. Huyu alikuwa anapanda na kushuka vilima juu ya mbao, na tofauti yao haifiki dakika moja. Boit akaja kwa 47:25.5, wa 92, hakuna aliyemaliza nyuma yake.

Hapa nikusahihishe kidogo, maana hata magazeti yetu hulikoroga jambo hili. Usidhani Dæhlie alisimama na saa akihesabu dakika ishirini. Katika mbio zile wanaachiliwa mmoja mmoja, kila baada ya sekunde 30, kwa hiyo hizo dakika ishirini ni tofauti ya muda wao njiani. Kilichotokea ni kwamba wenye shughuli walitaka kuanza kugawa medali, yeye akagoma mpaka Mkenya afike. Akamngoja mstarini, akamkumbatia, ndipo mambo mengine yakaendelea.

Nakubali palikuwa na biashara. Nike ndiyo iliyogharimia, ndiyo iliyompeleka Boit Ufini mwaka 1996 pamoja na Henry Bitok, kijana ambaye alikuwa hajawahi kuiona theluji kwa macho yake. Mkimbiaji wa Kenya kwenye barafu ni tangazo la bure, na hasira yako hapo naielewa kabisa. Lakini tangazo lilikuwa la watu wa viatu. Mnorwe yule halikumletea kitu, maana kamera zilikuwa zake hata angekwenda zake jukwaani.

Tena nitakupa silaha mwenyewe, usije ukasema nimekuficha. Dæhlie alijua sana kujionyesha. Albertville 1992, mbio za kupokezana, kilomita kumi mara nne (huku hakuna kijiti, unamgusa mwenzako tu), alikuwa mtu wa mwisho wa Norwe. Wenzake walikuwa wamemwachia nafasi kubwa mno, Waitalia wako nyuma zaidi ya dakika nzima. Alipoukaribia mstari akageuka, akauvuka kinyumenyume, mgongo mbele, uso kwa wale waliokuwa bado njiani. Hiyo, Kocha, ilikuwa ya kamera. Kwenye timu yako ungemtia adabu.

Akaja kutiwa adabu. Tarehe 22 Februari 1994, Lillehammer, nyumbani kwao, mbio hizo hizo, na Waitalia hao hao. Mzee wangu alikuwapo, amesimama porini pamoja na umati usiohesabika, bendera hadi juu ya miti. Kipande cha mwisho akawa Dæhlie tena, mgongoni kwake Silvio Fauner, na safari hii hakuna aliyeweza kumwacha mwenzake. Wakaingia uwanjani wawili, wakafyatuka kwa mwendo wa mita 100, na Fauner akamtangulia kwa sekunde 0.4. Mzee anasema alisikia redio za watu waliokuwa mbali naye, jinsi palivyonyamaza. Nilipomuuliza habari za Boit alitikisa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, jambo zuri. Nilipogusa ile 0.4 aliweka kikombe chini. Miaka yote hii!

Ndiyo maana sikubaliani nawe. Aliyemngoja Boit alishawahi kupigwa na wale wale aliowageukia kwa maringo mstarini, mbele ya nchi nzima. Na siku tatu tu kabla, alikuwa amejikokota juu ya skii zilizogoma huku watu kumi na tisa wakimtangulia, wengine wasiofika popote karibu naye siku ya kawaida. Mtu aliyetoka kuonja hilo, akimwona mwingine anakuja peke yake, anaanguka, anainuka, anajua anachokitazama. Mimi ile Jumapili, mzee aliponijia na chupa ya kahawa, sikumwuliza kama kuna mtu anatupiga picha.

Wiki ile ya Nagano hakuishia hapo. Kwenye kupokezana akawekwa kipande cha tatu, cha mwisho akapewa Thomas Alsgaard, na Alsgaard akampiga Fauner yule yule kwa sekunde 0.2. Halafu tarehe 22, miaka minne kamili tangu Lillehammer, kilomita 50. Hii ndiyo mbio ambayo ningetamani vijana wako waione. Zaidi ya saa mbili msituni, anashindana na saa ya Niklas Jonsson wa Uswidi, na akashinda kwa sekunde 8.1. Alipovuka mstari hakuinua hata mkono. Alianguka kwenye theluji, akabaki amelala, kifua kinapanda na kushuka, watu wamemwinamia, na muda mrefu ukapita kabla hajaweza kusimama. Ilikuwa dhahabu yake ya nane na medali ya kumi na mbili, na hakuna aliyewahi kufika hapo katika michezo ya majira ya baridi kabla yake.

Ya baadaye ni mafupi. Mwaka 1999 alianguka akiwa mazoezini kwenye skii za magurudumu, zile wanazotumia kiangazi kwenye lami, mgongo ukaharibika, na mwaka 2001 akastaafu. Siku hizi ni tajiri wa nguo za michezo na majumba. Jumla yake ya medali imeshapitwa na mwananchi mwenzake, Marit Bjørgen, aliyefikisha 15 mwaka 2018. Mzee anamsifu Marit, ila kwa sauti ya mtu anayesifu chakula cha jirani.

Na Boit naye hakuwa mtu wa picha moja. Alirudi Salt Lake City 2002, akarudi Torino 2006, kelele zote zikiwa zimekwisha. Mwanawe alimpa jina Dæhlie. Wewe unawajua wazee wa kwetu walivyo na majina. Hawampi mtoto jina la mtu aliyewafanyia maigizo.

Mimi nimeshasema. Jibu ukitaka, lakini kwa barua.

Ndani ya bahasha hii nimekuwekea kibati chekundu, kile kile, nilichokisugua mpaka kikaisha. Bado kina harufu. Waambie vijana wanuse, halafu mmoja wao akuulize ni dawa ya nini. Mwezi wa saba nakuja, nikijaliwa. Unitafutie nafasi kwenye mazoezi ya asubuhi, kundi la nyuma kabisa, pamoja na wale wadogo. Na umwambie mama watoto kwamba ule mursik, maziwa yetu ya kibuyu, alioniahidi naukumbuka.

Ni mimi wako,
Baba Neema