Maji ya Winam yakifika Bentiu

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita mlichapisha makala fupi kuhusu Sudan Kusini. Picha ilikuwa ya askari aliyeketi juu ya gari, na maneno yenyewe yalikuwa machache: mafuta tele, nchi haina bahari, vita, njaa. Niliisoma nikiwa kwenye meza yangu ya omena hapa soko la Kibuye, nikaikunja nikaitia chini ya gunia, maana roho iliniuma. Niliishi Juba tangu Aprili 2010 hadi Desemba 2013. Siwezi kunyamaza nchi ile ikielezwa kama pipa la mafuta lililoshika moto.

Nilikuwa na kibanda cha chakula karibu na soko la Konyo Konyo: mabati, jiko la makaa na mabenchi mawili. Wateja waliniita Mama Kenya. Katika siku zangu za mwanzo aliingia kijana mrefu, Mshilluk wa upande wa Malakal, akaniomba "moya". Kiarabu cha Juba nilikuwa bado sijakijua, nikabaki kumtazama tu. Alipoonyesha kwa mkono kwamba ana kiu, nikamgeukia msaidizi wangu na kumwambia kwa Kijaluo ampe "pi". Yule kijana akaruka kutoka kwenye benchi. "Pi! Umesema pi?" Kumbe hata kwao maji ni pi. Tukaanza kupimana maneno, tukafika kwenye samaki: mimi rech, yeye karibu vile vile. Mdinka mmoja aliyekuwa akila maharage pembeni akadakia kwamba kwao maji ni piu. Chai ilipoa siku hiyo na hakuna aliyejali. Tangu utotoni nilikuwa nikiwasikia wazee wetu wakisema Wajaluo walitoka Bahr el Ghazal, huko huko Sudan Kusini, wakaufuata mto Naili, lakini nilidhani ni hadithi tu za jioni.

Makala yenu ilitaja Wadinka na Wanuer basi. Nchi ile ina makabila zaidi ya 60, na ni kubwa kuliko Kenya yetu. Wako Wazande, Wabari, Watoposa ambao ni ndugu wa Waturkana, Waacholi walio pande zote mbili za mpaka wa Uganda. Mama aliyeuza kisra jirani yangu alikuwa Mbari. Kisra ni mkate mwembamba wa mtama, unapakwa juu ya chuma cha moto kwa kipande cha kuti na kubanduliwa kabla hujamaliza kupumua. Alikuwa na akili ya biashara kunishinda, lakini kila simu yake ilipolia kwa ujumbe alikuja kwangu nimsomee. Sensa ya 2008 ilikuta watu wazima 27 tu katika kila 100 wakijua kusoma na kuandika. Mtu aliyezaliwa katika vita vya 1983 hadi 2005 angesomea wapi? Vita hivyo viliua watu wapatao milioni mbili, na kabla yake vilikuwapo vingine, 1955 hadi 1972. Mkataba wa kumaliza vile vya 1983 ulijadiliwa hapo Naivasha, katika kaunti ya Nakuru, chini ya Jenerali wetu Lazaro Sumbeiywo, ukatiwa saini Nairobi Januari 2005. Hilo nalo halikuwamo katika makala.

Sasa niseme kuhusu hayo mafuta. Mafuta ghafi yanachimbwa kaskazini mwa nchi, upande wa Bentiu na wa Paloch, yanapita ndani ya bomba hadi Port Sudan kwenye Bahari ya Shamu, nchi ya watu wengine. Lakini petroli ya kuwashia jenereta yangu ilitoka Mombasa, kwa malori yaliyopita Nakuru, Eldoret na Malaba, yakakata Uganda hadi Nimule mpakani, na kutoka Nimule yakaja Juba. Malori yakichelewa, petroli iliuzwa kando ya barabara katika chupa za maji ya kunywa, na bei ilitegemea uso wa muuzaji. Nchi ina mafuta chini ya miguu yake, na mama anahesabu vifuniko vya chupa kabla ya kuwasha taa.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Julai 2011, baada ya kura ya Januari ambapo karibu watu 99 kati ya 100 walichagua kujitenga na Sudan. Nilipika sufuria kubwa nne siku ile na sikumtoza mtu. Nusu mwaka tu baadaye, Januari 2012, Juba na Khartoum zikashindwana kuhusu ada ya bomba, na serikali ya Juba ikafunga visima. Karibu fedha zote za serikali zilitoka humo. Wataalamu waliandika mengi kuhusu jambo hilo, mimi nililijua kwa daftari la madeni. Nilikuwa na mteja, karani wa serikali, Mnuer wa Rubkona, jirani na Bentiu. Mwezi wa kwanza aliniomba nimwandikie. Wa tatu alivua saa yake ya mkono akaiweka mezani iwe rehani, nikamrudishia. Alipofika mwezi wa saba akawa anakuja saa tisa, watu wakiisha, ili asionwe akila cha deni. Mafuta yalianza tena kupita Aprili 2013. Siku moja mwezi wa Mei karani wangu akaja mchana kweupe, akaniwekea noti zilizofungwa kwa raba, akasimama pale mpaka nikafuta jina lake mbele ya macho yake. Ndugu Mhariri, wengi wamenikopa Kisumu hapa, sijalipwa hivyo.

Machi 2012 marais walikutana Lamu kuzindua bandari na barabara, na tukaambiwa bomba litashuka kutoka Sudan Kusini mpaka huko. Juba watu walishangilia kama mpira. Gati la kwanza la Lamu lilifunguliwa 2021, bomba halijajengwa. Februari 2024, vita vya Sudan vikiendelea, bomba la kaskazini lilipasuka, na nchi nzima ikakosa sehemu kubwa ya riziki yake kwa miezi mingi. Nyumba yenye mlango mmoja, na mlango wenyewe unapita chumbani kwa jirani, huwezi kuilaumu kwamba wenyewe hawajui kutoka. Viongozi wao wana lawama yao, tena kubwa, kwa kupigania ufunguo huku watoto wakilala njaa.

Usiku wa tarehe 15 Desemba 2013 tulisikia risasi. Sitaeleza niliyoyaona siku tatu zilizofuata. Karani wangu alikimbilia kambi ya Umoja wa Mataifa, mimi nikapata nafasi juu ya lori hadi Nimule na mfuko mmoja wa nguo. Kibanda sikukiona tena.

Ningependa mwandike pia yale mengine. Kwamba hesabu iliyofanywa kwa ndege 2023 ilikuta swala na wanyama wa jamii yao wapatao milioni sita wanaohama mashariki mwa Naili, wengi kuliko wa Mara na Serengeti. Kwamba vijana wao wa mpira wa vikapu, baadhi waliozaliwa ukimbizini, walishindwa na Marekani kwa pointi moja tu London Julai 2024, na katika Olimpiki, huko Lille Ufaransa, wakaipiga Puerto Rico baada ya kupigiwa wimbo wa taifa usio wao.

Lakini hasa naomba hili. Mei 2020 ziwa letu la Victoria, ambalo Winam ni ghuba yake hapa Kisumu, lilivunja rekodi ya kina cha maji ya 1964. Mlituandika sana, na mlifanya vyema: Dunga maji yaliingia vibandani, Nyando watu walilala shuleni. Maji yale hayakuishia hapa. Yalitoka Jinja, yakapita Kyoga na Albert, yakashuka Nimule na Juba, na baada ya miezi kadhaa yakamwagika katika kinamasi cha Sudd. Yakakutana na mvua za kwao na mito mingine. Mwaka 2021 Bentiu ikawa kisiwa. Ng'ombe walikufa wakiwa wamesimama majini, watu wakawa wanachemsha mizizi ya yungiyungi, na kambi ya wakimbizi zaidi ya 100,000 ikabaki imezungushiwa kuta za udongo, maji yako juu kuliko sakafu za vibanda. Miaka ilipita na maji hayajaondoka. Katika magazeti yetu sikuona mtu aliyeunganisha habari hizi mbili. Ziwa likipanda tena, mpelekeni mwandishi Dunga, na mwingine mumpeleke Bentiu, mchapishe ukurasa mmoja.

Nasema hivi kwa sababu karani wangu yuko hai. Alirudi kwao kwa mama yake, na Oktoba 2021 akanipigia simu kutoka juu ya tuta la udongo, sauti inakatika kwa upepo. Baada ya salamu hakuniomba pesa wala chakula. Aliuliza, "Mama Kenya, ziwa lenu limeanza kupungua?" Sikuwa na jibu. Nikapanda boda hadi Dunga, nikamwomba mvuvi anionyeshe kwenye nguzo maji yalipofika mwaka jana na yalipo sasa. Yalikuwa yameshuka kiasi cha kiganja. Nikampigia nikamwambia.

Huwa naenda kuitazama nguzo ile kila mwisho wa mwezi, na humtumia ujumbe.

Muuza omena,
Soko la Kibuye, Kisumu