Harambee ya kundi la malezi hapa Igombe: tushikeni mkono tupokee familia 48 zingine

Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni wazazi wenzangu wote wa Igombe, huku Mwanza kando ya ziwa, pamoja na nyie mliosoma shule yetu mkatawanyika Dar, Geita, Kahama na huko nje ya nchi. Mi ni mzazi wa watoto watatu hapa shuleni na ndo katibu wa lile kundi la malezi, la wazazi na watoto wao, linalokaa kila Jumamosi mchana kwenye darasa la tatu. Nimeombwa niandike kwa nini tunachangisha, basi naanza na jambo langu mwenyewe.

Mwaka juzi jioni moja binti yangu alimwaga sembe chini, kilo mbili, alikua ananisaidia kupika mfuko ukamponyoka. Nilimchapa na mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Sasa sikiliza, siku ile toka asubuhi watu wa mikopo ya kausha damu walishakuja mlangoni mara mbili, mume wangu yupo kambi ya visiwani siku ya tisa na simu haipatikani, mdogo ana homa, na mimi sijala toka jana yake. Mtoto hakua na kosa la kupigwa namna ile, mzigo ulikua wangu ukamuangukia yeye. Usiku nikakaa kibarazani nikalia mpaka jirani akazima taa yake, na sikumwambia mtu, maana ungemwambia nani? Ukisema umechoka na watoto wako watu wanakuona mama gani huyu.

Ndo maana kundi lilivyoanza nilienda, japo nilijua naenda kufundishwa kulea watoto tu. Kikao kinaanza na duara, kila mtu anasema ameamkaje, siyo salama ya mdomoni, aseme ukweli mwili na moyo vikoje. Kulikua na mama mmoja anaanika dagaa, vikao viwili alisema "salama tu" anapisha. Cha tatu akasema "sijalala wiki nzima." Basi. Darasa likanyamaza, yule aliyekaa pembeni yake akamshika mkono akasema na mimi pia, na mwingine upande wa dirishani naye akasema na mimi. Wakina mama wameishi mtaa mmoja miaka kumi wanachota maji bomba moja na hakuna aliyekua anajua. Mi kwangu hapo ndo penye dawa. Maana mbinu za malezi unaweza kuzisikia redioni ukiwa peke yako, ila kushikwa mkono na mtu anayebeba mzigo kama wako hakupatikani redioni.

Na vikao siyo vya kulia tu, kuna kazi kweli kweli. Tunafanya mazoezi ya kuvuta pumzi na kutulia kabla hujanyanyua mkono, tunaigiza, mmoja anakua mtoto mwingine mzazi, kwanza tunaigiza vile tulivyozoea halafu tunarudia kwa njia nyingine, na ukiigiza wewe ndo mtoto ukafokewa mbele ya watu unaelewa kitu ambacho hakuna semina ingekuelewesha. Halafu unapewa kazi ya nyumbani. Baba mmoja mvuvi kazi yake ilikua amsifie mtoto wake mara moja kwa siku. Akatuambia siku ya kwanza amemwambia kijana wake asante kwa kuchota maji, kijana akageuka nyuma kuangalia baba anaongea na nani. Miaka 13 mtoto yule. Baba akamaliza kusimulia akakaa chini, akainamisha kichwa muda mrefu.

Kuna na kikao cha hela, mzazi na mtoto wanakaa na vifuniko vya soda, kila kifuniko ni elfu moja, wanapanga pamoja chakula, daftari, mkopo, dawa. Binti yangu aliona mwenyewe vifuniko vinaisha kabla hatujafika kwenye viatu vyake. Toka siku ile hajawahi kuninunia kwa ajili ya viatu, na mimi sijawahi tena kumwambia "hela sina" kwa kufoka, namuonyesha.

Kuhusu wakina baba, mwanzoni hawakuja, tukasema hawapendi. Siyo kweli, ratiba ndo ilikua mbaya. Mvuvi wa dagaa anafanya kazi kwa taa, kukiwa giza yupo ziwani usiku na mchana analala, wewe umempangia kikao Jumamosi saa nane atakuja vipi? Tukaanza kuweka vikao vya baba siku za mbalamwezi ambapo mitumbwi imepumzika, wakajaa mpaka wengine wakakaa madirishani.

Mtu anaweza kuuliza hii kitu mmeitoa wapi. Mpangilio wa vikao 14, mzazi na kijana wake wakihudhuria pamoja, ulijaribiwa Afrika Kusini, jimbo la Eastern Cape, familia 552 katika maeneo 40, ukiitwa Sinovuyo Teen, kwa Kixhosa Sinovuyo ni tuna furaha. Wanaoendesha ni watu wa jamii waliopewa mafunzo, siyo madaktari. Majibu yalitoka 2018: wazazi waliopita kwenye vikao walipunguza kupiga na kutukana, msongo na sonona zikapungua, pombe ikapungua, na hela ya nyumbani ikapangwa vizuri zaidi. Nitasema na lile lingine kwa sababu naomba hela za watu, tabia za utundu za vijana wenyewe hazikubadilika sana kwenye majaribio yale, kilichobadilika zaidi ni mzazi na nyumba yake. Na mimi nikiangalia kundi letu naona ni hivo hivo. Baadae mpango ukaja Tanzania ukaitwa Furaha Teens, mwaka 2020 na 2021 ukafikia familia nyingi sana, na sisi tunafuata mpangilio huo huo.

Najua kuna wazee wangu watasema sisi tulilelewa kwa fimbo na tumekua watu. Nawaheshimu, na mimi nimelelewa hivo. Ila kuna utafiti wa kitaifa wa 2009, ripoti ikatoka 2011, waliuliza vijana wa miaka 13 mpaka 24 nchi nzima, karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walikua wamefanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufika miaka 18, na wengi waliowafanyia ni ndugu na walimu. Robo tatu jamani. Hapo siyo nidhamu tena, hapo ni watu wazima tuliochoka. Na katika kundi tukikuta jambo zito kama mtoto kuumizwa au kubakwa hatulimalizi kimya kimya, linaenda kwa afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia na watoto polisi, na kila mtoto ameshafundishwa namba 116 ya simu ya kusaidia watoto, anaweza kupiga bure.

Sasa hela. Kundi moja lina familia 24 na vikao 14. Chai na maandazi au mihogo ni 40,000 kwa kikao, inakua 560,000, na naomba mtu asiseme chai tupunguze, kuna watoto wanaokuja hawajala toka asubuhi na mzazi mwenye njaa hawezi kuvuta pumzi akatulia. Wawezeshaji wanne kila mmoja 10,000 kwa kikao ni 560,000 nyingine, hawa wanaacha biashara zao Jumamosi nzima. Bibi wawili wa kukaa na watoto wadogo nje 140,000, mabango ya karatasi na kalamu na daftari 120,000, na bodaboda ya kuwafuata nyumbani waliokosa kikao 100,000, maana anayekosa mara nyingi ndo mwenye shida kubwa. Jumla 1,480,000. Tunataka makundi mawili, yaani 2,960,000. Sisi wa kundi la kwanza tumechangishana kwa kuuza dagaa na maandazi tukapata 610,000, imebaki 2,350,000. Ukitaka kubeba familia moja safari nzima ni kama elfu 62. Ukiwa na elfu mbili leta elfu mbili. Wenye maduka sukari na ngano tunapokea, mwenye mkeka au jamvi wa kuazima pia, maana madawati ya watoto yanawabana wazee magoti.

Namba ya kutumia pesa ipo kwenye barua waliyopewa watoto, jina litakalotokea ni la kikundi, likitokea jina la mtu usitume. Waliopo mbali wamuombe ndugu yao hapa awapigie picha barua. Mapato na matumizi yatabandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya mwalimu mkuu kila mwisho wa mwezi, risiti za ngano zikiwemo.

Harambee yenyewe ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu saa nane mchana uwanja wa shule. Wale waliomaliza kundi la kwanza wataigiza kikao kimoja muone kwa macho yenu, na yule baba wa kijana wa maji amekubali kusimama. Makundi mapya yanaanza mbalamwezi inayofuata. Daftari la maombi lipo kwangu, mpaka leo mchana lina familia 61 na nafasi ni 48, kwa hiyo kama hela itazidi hata kidogo msishangae mkisikia tumefungua kundi la tatu.